Ombi la Kung'oa Kidude cha Joto kwenye Lori la Tutafika Tu

Kitongoji cha Rejeta,
Sanduku la posta hatuna,
Njia ya Nachingwea kwenda Ruangwa.
Juni, 2003.

Mzee Kaimu,
Mwenye lori la Tutafika Tu,
Nachingwea Mjini.

Mheshimiwa Mzee Kaimu,

YAH: KUNG'OLEWA KWA KIDUDE CHA JOTO KILICHOFUNGWA KWENYE LORI LAKO

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Beatrisi Severini, Mmwera, mjane, mkazi wa hapa kilimani, na pia Katibu wa Kamati ya Maji ya Rejeta. Hunifahamu, lakini maji yangu unayafahamu, maana lori lako limeyanywa miaka mingi na halikuwahi kuugua tumbo. Naandika kwa heshima zote. Hasira niliyonayo nimeiacha nje ya barua hii, na ikichungulia mahali naomba uivumilie.

Kwa kuwa wewe unakaa mjini na lori lako unaliona likiwa limeegeshwa, nianze kwa kukueleza maisha yake ya huku. Kilima chetu ni kirefu na kibaya. Kwa miaka yote hiyo, lori likitoka Nachingwea limesheheni, likifika hapa juu lilikuwa limeshachemsha. Dereva anazima mashine, mvuke unatoka kwenye rejeta, abiria wanateremka. Maji ya baridi hayamwagwi kwenye mashine ya moto, silinda hedi itapasuka. Jambo hilo watoto wa hapa wanalijua kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo lazima kungoja. Kutokana na kungoja huko watu wakajenga, wakapanda migomba, wakatengeneza mabenchi, na kitongoji kikapata jina. Kwenye makaratasi ya serikali tunalo jina jingine, ila hakuna anayelikumbuka. Abiria walikuwa wanasema wamepumzika Rejeta, nasi tukajiita hivyohivyo.

Tukaweka na utaratibu. Kila nyumba ina zamu ya kupeleka ndoo kwenye lori, na nyumba yenye zamu ndiyo inayompokea dereva barazani mpaka mashine ipoe. Dereva hakai kwa mtu asiyempa maji, na aliyempa maji haruhusiwi kumwacha akae na njaa. Hiyo ndiyo sheria ya Rejeta, na Kamati yetu ndiyo inayoisimamia. Wapo wanaosema zamu ya nyumba yangu ilikuwa inarudi upesi kuliko za wengine. Kisima kiko karibu na kwangu. Naomba jambo hilo liishie hapo.

Mwaka juzi feni ya zamani ya lori, ile ya kuzungushwa na mkanda, ilikatika mapanga, nawe ukaweka feni ya umeme iliyotolewa kwenye gari dogo. Hatukulalamika. Feni hiyo ilikuwa inawashwa kwa swichi na dereva wako Linus, na Linus ni binadamu. Njia nzima aliiwasha vizuri, ila akifika chini ya kilima chetu alikuwa anasahau. Si mzembe, Mzee, na naomba usimkaripie kwa hilo. Nimeulizia kwa abiria: milima mingine yote hasahau. Inaonekana hapa petu pana kitu kinachomsahaulisha mtu, pengine ni upepo.

Basi mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, lori linachemsha, watu wanaishi, mpaka ulipomtuma fundi Filbert na hicho kidude. Fundi anakiita sensa. Watu wa sensa walipita mwaka jana, wakatuhesabu, wakaondoka, hawakufunga chochote mahali popote. Kwa hiyo mimi nitakiita kidude.

Malalamiko yetu ni kama ifuatavyo.

LALAMIKO LA KWANZA linahusu sufuria yangu. Fundi Filbert alifika akiwa ndani ya lori lenyewe, kidude amekiviringisha kwenye gazeti na kukitia mfuko wa shati. Akasema hawezi kufunga kitu ambacho hajakijaribu, anataka maji ya moto. Nani mwenye maji ya moto Rejeta kuliko Katibu wa Kamati ya Maji? Nikateka mwenyewe, nikakoka moto mwenyewe, nikabandika sufuria yangu ya uji kwenye mafiga. Fundi akakifunga kidude waya, akaziunganisha na betri na taa ndogo ya indiketa, kisha akakitumbukiza majini huku amekishika kwa koleo. Watu wote wakainama kutazama. Maji yalipoanza kutoa vipovu vidogo, kabla hayajachemka sawasawa, taa ikawaka. Akakitoa, kikapoa, taa ikazima. Akarudia. Ikawaka tena. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, Mzee Kaimu, tena nilipiga kwa nguvu kuliko Sikuzani jirani yangu, kwa sababu sikuelewa ninachoshangilia.

Baadaye fundi akakata mpira wa juu wa rejeta, akachomeka katikati yake kipande cha bomba la chuma chenye tundu, akakizungushia kidude ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, akakiskurubu hapo na kukikaza kwa spana. Waya akazipeleka kwenye feni. Tukajaza maji, Linus akawasha mashine, tukasubiri. Hakuna aliyegusa swichi. Ghafla feni ikaanza kuvuma yenyewe, na bibi mmoja abiria wa Nambilanje akasema hapandi tena gari lenye jini. Lilipopoa, ikanyamaza yenyewe. Tangu siku hiyo lori lako halijachemsha hapa hata mara moja. Linapanda kilima, linapita, linakwenda zake.

Sasa naomba uone dhuluma yenyewe ilivyo. Kitu kilichotuua kilijaribiwa kwa maji yetu, kuni zetu na sufuria yangu. Hakuna aliyeniambia kazi yake. Mtu akiazimwa jembe la kuchimbia kaburi, angalau anaambiwa ni la nani.

LALAMIKO LA PILI ni habari. Sisi hatuna simu, na redio zetu zinapata habari za Dar es Salaam na za ng'ambo. Habari za Kiegei, za Ruponda na za Nambilanje tulikuwa tunazipata kwa abiria wanaosubiri mashine ipoe. Kwa huduma hiyo tulikuwa tunajua nani kaoa, nani kavuna ufuta mwingi na anaficha, na nani kafariki. Tangu kidude kifungwe hatujui lolote. Shangazi yake Sikuzani alifariki Nambilanje, na zamani tungejua lori la kwanza tu lililopita. Safari hii tulijifunga kanga, tukatembea na vilio vyetu, tukafika tukakuta watu wanapakua ubwabwa wa arobaini. Sikuzani ilibidi aanze kulia wakati wenzake wameshamaliza na wanasukutua midomo. Akanigeukia akaniambia, "Beatrisi dada'ngu, nilie ama nile?" Alifanya yote mawili, na haikupendeza.

LALAMIKO LA TATU ni la dini. Lori lilikuwa linachemsha hapa kwenye saa saba za mchana, na abiria Waislamu walikuwa wanachukua udhu kwa maji yanayobaki kwenye ndoo na kuswali adhuhuri kwa utulivu. Wakristo nao walikuwa wanamshukuru Mungu kwamba wamefika juu. Siku hizi wanapita wamekaa juu ya magunia, hakuna anayeswali wala anayeshukuru. Kwa hiyo kidude kimepunguza ibada katika wilaya mbili. Sisemi kwamba ulikusudia.

LALAMIKO LA NNE. Bintiye Sikuzani alipata mume hapahapa. Kijana wa Kiegei aliteremka kunyoosha miguu, akaomba maji ya kunywa, akapewa, akaomba tena, na kikombe cha tatu hata kuku walishajua kwamba hana kiu. Leo wana watoto. Ndoa ya namna hiyo si moja hapa petu. Kama lori lingekuwa na kidude wakati ule, kijana angepita akiwa amekaa juu ya gunia lake la mbaazi, na wale watoto wasingekuwapo. Jiulize, Mzee, ni watoto wangapi wa Nachingwea na Ruangwa wanaozuiliwa kuzaliwa na kitu kinachoenea mfuko wa shati. Serikali ikija kuhesabu tena, mimi nitawaelekeza waje kuuliza kwako.

LALAMIKO LA TANO lilihusu fundi Filbert na namna anavyocheka. Nimelifuta kwa ushauri wa Kamati.

LALAMIKO LA SITA ni safari ya Ruangwa. Utaniambia lori si nyoka wa kuogopwa, mtu mwenye shida nalo anyooshe mkono lisimame. Nilinyoosha. Ijumaa moja nilivaa kitenge kizuri, nikasimama barabarani, nikanyoosha mkono, na lori likasimama vizuri kabisa. Utingo wako Jumanne akaruka chini akauliza, "Mama wapi?" Nikatambua kwamba sikuwa nimelifikiria swali hilo. Nyuma yake, juu ya lori, kina mama wote wamenikazia macho, feni inavuma, na mimi siwezi kusema kwamba sina safari, nimetaka lisimame tu. Nikasema Ruangwa.

Basi nikaenda Ruangwa. Sikuwa na shughuli yoyote Ruangwa. Nilipandishwa juu ya magunia ya korosho, upande wa jua, pembeni ya mzee aliyekuwa amempakata mbuzi. Mbele kwa dereva alikuwa amekaa muuguzi mmoja mwenye miwani na mzigo wake wa dawa, amestarehe. Njia nzima nilichokiona cha dereva ni kofia, tena kwa kuchungulia kwenye kidirisha cha nyuma lori likiyumba. Tulipofika alikuwa anahangaika na upakuaji, akanipungia mkono kama anavyowapungia wote. Nikazunguka sokoni, nikanunua chekeche ambalo ninalo tayari, nikalala kwa binamu yangu na kurudi kesho yake, huku kaka yangu Dickson akiniuliza nilifuata nini. Nilimjibu nilifuata chekeche. Akalitazama lile la zamani lililotundikwa ukutani, kisha akanitazama mimi, akaenda zake. Nikirudia kunyoosha mkono nitaishia Lindi.

LALAMIKO LA SABA linahusu afya ya dereva wako, na hili naliandika kama Katibu.

Linus ni Mngoni. Mimi ni Mmwera. Wewe mwenyewe unajua maana yake: ni watani. Siku ya kwanza lori lilipomchemkia hapa, wakati huo mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka mingi, Linus aliingia barazani kwangu bila hodi, akachukua kigoda changu na kukikalia, akasema babu zake waliwakimbiza babu zangu mpaka wakaacha viti, kwa hiyo hiki ni chake kwa urithi. Nikamwambia leo wajukuu wa waliokimbizwa ndio wenye maji, na mjukuu wa shujaa ndiye mwenye kiu. Nikampelekea uji nimeutia pilipili. Akaunywa wote. Machozi yanamtiririka, anamaliza kikombe, anasema uji wa Wamwera umepoa, niletee mwingine. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake. Mimi natia pilipili, yeye anakunywa, anaitukana pilipili yangu kwamba ni ya kitoto, mashine inapoa, anaondoka.

Ubaya wa mtani ni kwamba huwezi kumjua. Akikuambia umependeza, humwamini, maana ni utani. Siku asipokuambia, unakaa unajitazama kwenye maji ya ndoo. Nilijiambia nitamjua taratibu, kwa kuwa lori lilikuwa linachemsha na muda upo. Sikujua kwamba mjini kuna mtu ananunua kidude.

Na sasa niseme jambo ambalo limeniuma kuliko yote. Siku ile ya kufunga, feni ilipovuma yenyewe, aliyeruka juu kwa furaha kuliko watu wote alikuwa Linus. Alimkumbatia fundi. Alimshika hata Jumanne utingo mkono na kuutikisa kwa muda mrefu. Nilisimama na sufuria yangu mkononi nikamtazama, nikawaza: kumbe miaka yote hii mtu huyu alikuwa mfungwa hapa, na leo amefunguliwa.

Siku hizi anapita na kupiga honi mara moja. Honi moja kwa kitongoji kizima. Sijui katika hiyo honi yangu mimi ni kipande gani. Nimejaribu kusikiliza kama inavutwa kidogo ikifika kwangu, na Sikuzani anasema inavutwa, lakini Sikuzani ni mtu wa kupoza watu.

Kuhusu afya yake, nimemwona kofia imelegea. Mtu anayekunywa uji safari zote mbili za wiki, ukamkatisha ghafla, lazima apungue. Akizimia usukani ukiwa mkononi, lori lako litaingia mtaroni, na hasara hiyo itazidi bei ya kidude. Hiyo ndiyo sababu ya lalamiko hili. Sababu nyingine ni kwamba nimemkumbuka. Nimeshaandika kwa wino, sifuti.

LALAMIKO LA NANE ni fupi. Kidude hiki kinajua chenyewe kwamba joto limezidi, na kinatafuta dawa chenyewe bila kumwambia mtu. Tukizoea hivyo, kesho kitafungwa cha kujua kwamba mtoto ana njaa, kesho kutwa cha kujua kwamba mgeni amechoka, na mwisho hakutakuwa na mtu wa kumwambia mwenzake karibu ukae. Tutabaki kuvuma na kunyamaza kila mtu peke yake.

Kutokana na hayo, Kamati inaomba yafuatayo, na kama la kwanza litakushinda, tushukie la pili, hivyohivyo mpaka chini:

(a) Kidude king'olewe, mpira wa rejeta urudishwe wa zamani, na Linus arudishiwe swichi yake aendelee kusahau.

(b) Kama hilo haliwezekani, fundi Filbert akielekeze kidude kifanye kazi njia nzima isipokuwa kilima chetu. Kama kina akili za kutambua joto, kitashindwaje kutambua Rejeta?

(c) Kama nalo haliwezekani, litobolewe tundu dogo kwenye rejeta. Nasisitiza dogo. Si la kuua mashine, ni la kuifanya ipate kiu kidogo ikifika kwetu. Ninao msumari wa kiasi hicho.

(d) Kama yote yamekushinda, naomba feni yenyewe iletwe hapa ihifadhiwe. Kamati ina chumba chenye kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Tukikosa jibu, wananchi wa Rejeta tutakaa chini na kuchukua hatua kali. Hatujajua hatua gani, ila tumeshakubaliana kwamba iwe kali. Sikuzani alipendekeza tuweke gogo barabarani. Nimemkataza, kwa sababu gogo linaweza kumuumiza dereva.

Nisalimie wote nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Nisalimie na fundi Filbert, lakini salamu zake ziwe za baridi. Wa kwetu wote hawajambo, wanangoja, na ndoo zimejaa.

Ni mimi, mwenye sufuria,
Beatrisi Severini,
Katibu, Kamati ya Maji, Rejeta.

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji (ameshaisoma, amecheka, ameunga mkono).

Nyongeza:

Mzee Kaimu, naomba usifanye lolote katika hayo niliyoandika. Nakuandikia kwa haraka, nimekaa jikoni, karatasi nimeiweka juu ya ungo.

Barua nilikuwa nimeshaikunja, namtafuta mtu wa kuipeleka, mara lori likapanda kilima na kusimama mbele ya nyumba yangu. Nikachukua ndoo, nikakimbia, nikijua kidude kimekufa. Nikafika: hakuna mvuke. Feni imenyamaza. Nikaweka kiganja kwenye boneti na boneti haikunichoma. Nikabaki na ndoo yangu nimesimama kama mtu aliyekosea msiba.

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, akateremshwa taratibu mzee mmoja mwenye koti na fimbo, viatu vimepigwa rangi. Akauliza nyumba ya Dickson Severini iko wapi, ana neno linalohitaji kukaa. Ni baba mkubwa wake Linus. Ametoka Songea, na amekaa Nachingwea kwa Linus tangu mwaka juzi akisubiri kuletwa hapa, ila aliapa kwamba hapandi lori linalochemsha hata apewe nini, maana ujanani aliwahi kuunguzwa na mvuke wa rejeta shingoni, na kovu ametuonyesha. Anasema Linus alikusumbua wewe mwaka mzima ununue hicho kidude, mpaka ukachoka ukanunua, na hata baada ya kufungwa mzee alitaka kwanza kuhakikisha kwamba lori linakwenda na kurudi salama. Kumbe lori lingeendelea kuchemsha kama ninavyokuomba kwenye kurasa zote hizo, mzee asingefika, nami ningekaa hapa natia pilipili kwenye uji mpaka nizeeke.

Linus mwenyewe aliteremka mwisho. Nilijikaza, nikajiandaa kujibu utani. Hakunitania. Alivua kofia, akasema, "Habari za hapa, Bi Beatrisi." Basi. Mtani wangu kuniamkia kwa heshima! Nikaitikia vibaya, ndoo ikanimwagikia miguuni.

Abiria wameteremka wote, wamejipanga kwenye mabenchi, na hakuna anayeuliza lori litaondoka saa ngapi. Sikuzani anawagawia ming'oko, viazi vyetu vya porini, na kuwaeleza mambo ambayo hata mimi sijaambiwa.

Kwa hiyo kidude kibaki palepale. Fundi Filbert akikague mara kwa mara, akikaze vizuri, na kama vinauzwa viwili viwili, ununue cha akiba.

Nasikia kaka yangu Dickson ananiita. Desturi ni mwanamke aingie aulizwe mbele ya wazee kama anamfahamu mtu huyu. Nimejifuta miguu, naingia. Nitawaambia namfahamu.